Daftari Lililojaa na Mfuko Uliopungua: Uanagenzi wa Ukaguzi wa Ndani, Kutoka Lubumbashi hadi Malemba-Nkulu

Ukaguzi wa ndani ni kazi ambayo benki hujifanyia yenyewe, kwa kuwatumia watumishi wake, kabla mtu wa nje hajaja kuifanya kwa niaba ya wenye hisa, ya serikali au ya mahakama. Uanagenzi katika idara hiyo, ambao vijana wa vyuo vya Kamina na Lubumbashi huuita staji, ni kipindi cha miezi michache ambamo mwanafunzi wa biashara au wa uchumi huwekwa karibu na wakaguzi wazoefu ili aone jinsi fedha za watu zinavyohesabiwa, zinavyolindwa na, mara nyingine, zinavyopotea huku zikiwa zimeandikwa vizuri kabisa. Makala haya yanakitazama kipindi hicho kutoka upande usiozoeleka, yaani kutoka Malemba-Nkulu, teritwari ya jimbo la Haut-Lomami iliyo katika bonde la Upemba kando ya mto Lualaba, ambako samaki wa kukaushwa, mazao ya shamba na mishahara ya walimu ndivyo vinavyozungusha fedha, na ambako benki kubwa hujulikana zaidi kwa mawakala wake, walipaji wake na ujumbe wa simu kuliko kwa jengo lenye vioo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo ingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya ukaguzi. Hata hivyo mwanagenzi mwenye makini hugundua mapema kwamba methali imesema nusu tu ya jambo, kwa kuwa mali yenye daftari nayo hupotea, tena hupotea ikiwa na habari ndefu, yenye tarehe, mihuri na saini zote zinazotakiwa. Umbali kati ya kilichoandikwa na kilichotendeka ndio uwanja wenyewe wa kazi hii, na ni umbali unaoongezeka kadiri mtu anavyosogea mbali na makao makuu.

Wala hesabu ya fedha si jambo geni katika ardhi hiyo. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mbelgiji Pierre de Maret alifukua makaburi ya kale ya bonde la Upemba, yakiwemo ya Malemba-Nkulu, na humo zikapatikana misalaba midogo ya shaba ambayo, kadiri karne zilivyopita, iliendelea kuwa midogo zaidi na kukaribiana zaidi kwa ukubwa, jambo ambalo wataalamu hulichukua kuwa dalili kwamba ilikuwa imegeuka fedha ya kununulia na kulipia. Mtu hahitaji misalaba inayolingana isipokuwa kama kuna mwenzake atakayeihesabu.

Benki kubwa ambazo kijana wa Haut-Lomami huzipelekea barua ya kuomba nafasi hazizidi za kuhesabu kwa vidole. Kuna Rawbank, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kuna TMB, iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004 na kuingia chini ya kundi la KCB la Kenya mwishoni mwa mwaka 2022. Na kuna Equity BCDC, iliyotokana na kuunganishwa kwa tawi la Kongo la kundi la Equity, nalo la Kenya, na benki kongwe ya BCDC ambayo mizizi yake ni Banque du Congo Belge ya mwaka 1909. Kwa sababu ya mabadiliko hayo, mwanagenzi wa Lubumbashi anayefikiri kwa Kifaransa na kupiga soga kwa Kiswahili anaweza kukuta ripoti aliyosaidia kuiandaa ikisomwa hatimaye Nairobi na watu watakaoisoma kwa Kiingereza.

Juu ya benki hizo zote ipo Benki Kuu ya Kongo, na sheria namba 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya Februari 2002, ndiyo inayosimamia shughuli zao na uangalizi wao. Ndani ya kila benki hutakiwa kuwepo udhibiti wa ndani, yaani jumla ya taratibu ambazo kila mtumishi huzifuata ili kosa la mmoja lionekane na mwingine: saini ya pili, kikomo cha kiasi, ufunguo usiokaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mkaguzi wa ndani hazitungi taratibu hizo wala hazitekelezi. Kazi yake ni kupima kama zipo, kama zinafuatwa na kama zinatosha. Asichanganywe na mkaguzi wa nje, ambaye hutoa maoni yake juu ya hesabu za mwaka mzima, wala na wakaguzi wa serikali wa Inspection Générale des Finances, maarufu kwa herufi IGF, ambao hufuata fedha za umma popote zilipo.

Siku za mwanzo za uanagenzi huwa kavu. Mwanagenzi hukabidhiwa mkataba wa ukaguzi, ambao ni hati fupi ya bodi inayoipa idara haki ya kuingia chumba chochote na kufungua jalada lolote. Hutia saini ahadi ya kutunza siri. Kisha hupewa miongozo ya taratibu, kurasa kwa kurasa, aisome hadi macho yamuume. Katika mfumo wa kompyuta huruhusiwa kutazama tu, asiweze kubadilisha hata nukta. Wengi huchoka katika hatua hiyo na kudhani kwamba wamepoteza nafasi iliyowagharimu mengi, na lawama hiyo ina ukweli pale ambapo idara huwatumia wanagenzi kwa kupiga chapa na kupanga majalada tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini asiyejua utaratibu unasema nini hawezi kutambua kwamba umevunjwa, na kusoma huko ndiko kunakomtenga mkaguzi na mpita njia mwenye mashaka.

Kazi inayombadilisha mwanagenzi ni hesabu ya ghafla ya fedha taslimu. Wakaguzi hufika tawini asubuhi, kabla mlango wa wateja haujafunguliwa, bila taarifa, na jambo la kwanza wanalofanya ni kufunga na kutia lakiri droo zote za makeshia kwa pamoja, kwa sababu droo zikihesabiwa moja baada ya nyingine fedha zile zile zinaweza kutembea kutoka droo hii hadi ile na kuhesabiwa mara mbili. Sefu hufunguliwa na watu wawili, kila mmoja na ufunguo au tarakimu zake. Keshia mkuu huulizwa, kabla noti hata moja haijaguswa, kama fedha zote alizonazo zimo humo, kama kuna fedha za mtu mwingine zilizochanganyika nazo, na kama kuna deni lolote lisiloandikwa. Jibu lake huandikwa na kutiwa saini. Ndipo hesabu inapoanza, na hapo mwanagenzi aliyekwisha kukunja mikono ya shati ili asaidie huambiwa arudishe mikono nyuma, kwani noti huhesabiwa na keshia mwenyewe huku mkaguzi akitazama, ili pakitokea upungufu asiwepo wa kusema kwamba mgeni alichukua moja.

Noti 100 hufanya kitita kimoja, na vitita kumi hufungwa pamoja. Noti kubwa kuliko zote ya faranga ya Kongo ni ya 20,000, hivyo faranga milioni moja ni noti 50 kwa uchache, na katika tawi linalopokea fedha za masoko ya samaki kiasi hicho huja kwa noti za 500 na za 1,000, laini kwa unyevu, zenye harufu ya mahali zilikotoka. Dola za Marekani huhesabiwa peke yake na kuwa na leja yake, kwa maana Kongo huishi kwa fedha mbili na sehemu kubwa ya amana za benki huwekwa kwa dola. Na dola iliyochanika hata kidogo, ambayo hakuna mchuuzi wa Kongo atakayeipokea, huulizwa imeingiaje. Mkaguzi hupasua vitita kadhaa alivyovichagua mwenyewe, akitafuta kitita chenye noti 98, au chenye noti kubwa juu na chini na ndogo katikati. Chini ya trei ya mihuri, mara nyingine, hutokea vikaratasi: bon, yaani hati ya deni, ya fulani aliyechukua kidogo akingoja mshahara, bon ya fulani aliyefiwa. Kila kikaratasi kina sababu ya kibinadamu, na kila kimoja ni mkopo uliotolewa na mtu asiye na mamlaka ya kukopesha, kwa fedha zisizo zake.

Jambo linalowashangaza wanagenzi zaidi ni ziada. Wengi huingia chumbani wakiamini kwamba droo iliyopungua ndiyo yenye dhambi na kwamba droo iliyozidi ni bahati njema, ilhali mkaguzi mzoefu huiogopa ziada sawasawa na upungufu, kwa kuwa ziada ina maana kwamba mteja fulani aliondoka na pungufu bila kujua, au kwamba keshia ana akiba ya siri anayoitumia kuziba mashimo ya siku nyingine, na keshia mwenye uwezo wa kuziba mashimo yake mwenyewe huonekana safi mwaka mzima. Hesabu sahihi kupita kiasi, siku zote, bila kosa la faranga moja katika kazi ya mikono, nayo humfanya mkaguzi arudi.

Kutoka hapo mwanagenzi hufundishwa kanuni ambayo karibu nyingine zote huitegemea, yaani utenganisho wa majukumu: anayeidhinisha asiwe anayelipa, anayelipa asiwe anayeandika, na anayeandika asiwe anayelinganisha vitabu mwisho wa siku. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa benki ya Barings ya London, iliyokuwepo tangu mwaka 1762 na kuanguka Februari 1995. Mtumishi wake mmoja huko Singapore, Nick Leeson, alikuwa akifanya biashara ya mikataba ya soko la fedha na papo hapo akisimamia ofisi iliyoandika na kulinganisha biashara hiyo, akaficha hasara katika akaunti namba 88888 mpaka ikafikia pauni milioni 827, na benki nzima ikauzwa kwa kundi la ING la Uholanzi kwa pauni moja. Kinachopaswa kukaziwa, na ambacho husimuliwa kwa haraka mno, ni kwamba wakaguzi wa ndani wa Barings walikwenda Singapore mwaka 1994, wakaona kwamba mamlaka mawili yamekaa mikononi mwa mtu mmoja, wakaandika hivyo na kupendekeza yatenganishwe. Ukaguzi ulifanya kazi yake. Ripoti ilikuwepo, imeandikwa, imepokelewa. Wenye madaraka ndio ambao hawakuitekeleza kwa wakati.

Hayo ni ya mjini na ya ng'ambo. Kwa mtu wa Malemba-Nkulu, mahali ambapo benki kubwa hugusa maisha kwa wazi zaidi ni mshahara wa mwalimu. Kuanzia miaka ya 2011 na 2012 serikali ya Kongo ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki badala ya kuwapa wahasibu magunia ya noti, na katika maeneo ya vijijini yaliyokosa tawi kazi ya kuwafikia walimu ilipewa vyombo vingine, shirika la Caritas Congo likiwa miongoni mwao. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, idadi ya walimu wa kulipwa na hazina iliongezeka sana, na mwaka uliofuata wakaguzi wa IGF walipoingia SECOPE, ofisi iliyokuwa ikisimamia orodha za malipo ya walimu, walikuta humo shule na walimu hewa, yaani majina yanayopokea mshahara bila kuwa na darasa, mwanafunzi wala mwili. Baadhi ya wakuu waliohusika walihukumiwa kifungo mwaka 2021.

Mwalimu hewa ni tatizo la jina lisilo na mtu. Lipo tatizo la pili, gumu zaidi kulikagua, la mtu halisi mwenye jina halisi ambaye hupokea pungufu ya kilichoandikwa. Orodha ya malipo hurudi makao makuu ikiwa kamili: jina, namba ya utumishi, kiasi, saini au alama ya dole gumba. Kwa mkaguzi aliyekaa Lubumbashi orodha hiyo ni ushahidi, na kwa kawaida hufunga jalada. Lakini saini huthibitisha kwamba mtu alitia saini; haithibitishi kwamba alihesabu noti mbele ya mlipaji, wala kwamba hakuacha mezani sehemu ya mshahara kwa jina la usafiri, la uhaba wa noti ndogo, au la shukrani. Mwalimu aliyetembea siku nzima kutoka kijiji cha ziwani hadi kituo cha malipo hawezi kurudi mikono mitupu kwa kugombea faranga elfu chache, na mlipaji analijua hilo kuliko mkaguzi.

Hapo ndipo uanagenzi hugeuka kuwa ufundi. Mkaguzi hufundishwa kutouliza karatasi ile ile ijithibitishe, bali kuipambanisha na karatasi nyingine iliyoandikwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine. Tarehe ya orodha hulinganishwa na stakabadhi ya mafuta ya pikipiki au nauli ya mtumbwi wa injini, na ikionekana kwamba walimu walitia saini siku ambayo mlipaji alikuwa bado njiani huko Bukama, karatasi zimeanza kusema zaidi ya zilivyokusudiwa. Wino hutazamwa: saini za watu wengi zenye mlalo mmoja na rangi moja, bila mkwaruzo, bila jina lililokosewa na kukatwa, ni saini zilizoandikwa mezani. Pale ambapo malipo hupitia simu, hutazamwa saa, kwa kuwa kutoa mishahara kumi kwa wakala mmoja ndani ya dakika chache, usiku, ni jambo ambalo walimu kumi hawawezi kulifanya lakini mtu mmoja aliyekusanya laini zao za simu analiweza.

Na hapo pia ndipo kijana aliyekulia Haut-Lomami huwa na kitu ambacho mwenzake wa Kinshasa hana, ingawa idara chache humuuliza. Katika jimbo hilo Ilunga, Kasongo, Ngoy, Mwamba na Banza ni majina ya kila nyumba, na mkaguzi mgeni akiona Ilunga Ngoy watatu katika shule moja huweka alama nyekundu akiamini amenasa hewa, ilhali mwenyeji anajua kwamba watatu hao wanaweza kuwa ni watu watatu kweli, na kwamba njia ya kuwatofautisha ni namba ya utumishi na tarehe ya kuzaliwa. Anayejua hivyo anajua pia upande wa pili wake, kwamba mtu anayetaka kuficha hewa huificha katika majina hayo hayo, kwa sababu jina la ajabu hukumbukwa. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi imeshika nafasi ya kitambulisho nchini Kongo, haimalizi shaka hiyo, na agizo la kumjua mteja, linalotiliwa mkazo zaidi tangu Kongo ilipowekwa katika orodha ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu na kikosi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu Oktoba 2022, hutegemea kadi hizo hizo.

Baada ya kuhesabu na kulinganisha huja kuandika, na wanagenzi wengi hukiri kwamba hapo ndipo penye jasho. Jambo lililoonekana huitwa hoja ya ukaguzi, nayo hujengwa kwa hali iliyokutwa, kanuni iliyotakiwa kufuatwa, chanzo cha tofauti hiyo, athari yake na pendekezo. Mwanagenzi huandika kwamba keshia ameiba. Mkaguzi mkuu hufuta. Huandika kwamba keshia anashukiwa kuiba; hufutwa tena. Kinachobaki ni kwamba siku fulani, saa fulani, mbele ya watu fulani, droo fulani ilikuwa na upungufu wa kiasi fulani, na kwamba maelezo yaliyotolewa hayakuambatana na hati. Kijana huona kwamba ukali wake umenyonyolewa, lakini sentensi hiyo ya mwisho ndiyo pekee ambayo mkurugenzi, wakili na keshia mwenyewe hawawezi kuikana. Rasimu hupelekwa kwa mkaguliwa ajibu hoja, kisha hupangwa tarehe ya utekelezaji. Taaluma hiyo ina chama chake cha kimataifa, kilichoanzishwa New York mwaka 1941, na viwango vyake vipya vilianza kutumika tarehe 9 Januari 2025. Humo mkaguzi hutakiwa afuatilie kama mapendekezo yametekelezwa. Katika benki nyingi, hata hivyo, hoja hufungwa kwa waraka: meneja huandika kwamba amewakumbusha watumishi wake wazingatie utaratibu, nakala huambatishwa, rangi nyekundu katika jedwali hugeuka kijani, na desturi huendelea kama kawaida.

Ripoti ina nguvu kulingana na mahali inapopelekwa. Ndiyo maana mkuu wa ukaguzi wa ndani hutakiwa kuripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi ya wakurugenzi, ambayo huidhinisha uteuzi na mshahara wake, si kwa mkurugenzi mtendaji ambaye kazi zake ndizo zinazokaguliwa. Nchi ya Waluba, ambamo Malemba-Nkulu imo, inaufahamu mpangilio wa namna hiyo kwa historia yake yenyewe. Chama cha Mbudye, ambacho wanachama wake walipanda ngazi kwa ngazi za mafunzo hadi kufikia kusoma lukasa, ubao wa mti wenye shanga na kauri uliohifadhi kumbukumbu za ufalme, kilikuwa na wajibu wa kutunza historia ya wafalme na pia wa kuwazuia wasivuke mipaka ya madaraka yao. Si busara kuwaita Mbudye wakaguzi, kwa kuwa kazi yao ilikuwa pana na ya kiroho zaidi. Lakini walielewa kwamba mtunza kumbukumbu anayemtegemea mfalme kwa kila kitu atakumbuka anachotaka mfalme.

Njia ya ndani inapozibwa, habari hutafuta njia ya nje. Mwaka 2016 Jean-Jacques Lumumba, aliyekuwa mkuu wa mikopo katika BGFIBank ya Kinshasa, alitoa hadharani nyaraka za malipo aliyoyaona kuwa si halali, na akalazimika kuishi uhamishoni. Miaka mitano baadaye, Novemba 2021, mkusanyiko wa hati zaidi ya milioni tatu kutoka benki hiyo ulichambuliwa na vyombo vya habari na mashirika ya kiraia chini ya jina la Congo Hold-up. Mwaka huo huo wa 2016 benki nyingine, BIAC, iliishiwa na fedha taslimu, ikaweka kikomo cha kutoa, na wenye akaunti wakapanga foleni wakidai amana zao. Hakuna mwongozo wa uanagenzi unaomwambia kijana afanye nini endapo ataona jambo la ukubwa huo akiwa katika kiti cha chini kabisa, bila mkataba, na barua yake ya kumaliza staji ikingoja saini ya mtu yule yule.

Kuhusu kiti hicho, lazima isemwe kwamba si kila mtu anaweza kukikalia. Mwanagenzi hupewa, akibahatika, hela ya usafiri. Mtoto wa Lubumbashi hulala kwao na kula kwao. Mtoto wa Malemba-Nkulu hutafuta ndugu katika mtaa wa Kenya au wa Katuba mjini humo, hulala sebuleni, na familia yake huuza samaki wa msimu mzima ili avae suruali na viatu vinavyokubalika benki. Matokeo yake ni kwamba idara za ukaguzi hujazwa na watu wanaoijua sana ghorofa na kidogo sana mto, na hasara ya upungufu huo ni ya benki yenyewe.

Hasara hiyo huonekana kwa mawakala. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, ikifuatana na huduma nyingine za aina hiyo, fedha za teritwari kama Malemba-Nkulu hupita katika simu na droo ya kibanda kinachotumia umeme wa jua, na benki kubwa nazo zimekuwa na mawakala wao. Mpango wa ukaguzi wa mwaka hupangwa kwa kupima vihatarishi, yaani uwezekano wa hasara ukizidishwa kwa ukubwa wake, na kwa kipimo hicho wakala wa mtoni, mwenye kiasi kidogo na safari ya gharama kubwa, huwa chini ya orodha. Hukaguliwa kwa takwimu za kompyuta, ambazo huonyesha kila muamala ulioingia kwenye mfumo na kila ada halali iliyokatwa. Hazionyeshi faranga za ziada ambazo mteja hutozwa mkononi pale noti zinapoadimika, kwa sababu faranga hizo hazikuingia kwenye mfumo wowote.

Na safari ya kwenda kuziona inapopata bajeti, hupangwa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wakati barabara kutoka Kamina na Bukama hupitika. Miezi hiyo noti hufika kwa urahisi, mawakala hushindana, na ada hurudi kuwa ile iliyobandikwa ukutani. Uhaba na utozaji wake ni mambo ya Desemba hadi Machi, mvua inapokata njia na mwenye fedha taslimu kuwa ndiye mwenye bei. Mkaguzi anayeshuka Malemba-Nkulu mwezi Julai hukuta droo iliyojaa, tangazo la ada safi na wateja wasio na la kulalamika, na huandika, kwa haki kabisa, kwamba hakuna hoja.